Mwana Asiyekoma Kuwa Mwana: Dhana ya Utu Uzima katika Lugha na Tendi za Funguvisiwa la Lamu

IKISIRI

Watu wengi waliokwisha kuoa au kuolewa, wakazaa, na hata wakawazika wazazi wao, husalia na hisia kwamba bado hawajawa watu wazima kamili. Makala haya yanaichunguza hisia hiyo kwa kutumia ushahidi wa lugha, makazi na ushairi wa funguvisiwa la Lamu, hasa Utendi wa Mwana Kupona na Al-Inkishafi. Hoja inayojengwa ni kwamba Kiswahili cha visiwa hivi kinatambua utoto wa aina mbili. Wa kwanza ni utoto wa kuwa wa mtu, ambao haukomi wala haudhalilishi. Wa pili ni utoto wa kubandikwa, ambao humnyima mtu mzima mamlaka juu ya maisha yake. Kutotenganisha aina hizi mbili ndiko kunakowafanya baadhi ya wasomaji kuzikumbatia tendi hizi zote kama zilivyo, na wengine kuzitupa zote.

1.0 Utangulizi

Swali la lini mtu huwa mtu mzima lina majibu mengi, na majibu hayo hayapatani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 260, inamtambua mtu mzima kuwa ni yule aliyetimiza umri wa miaka 18. Kifungu hicho hicho kinamtambua kijana kuwa ni aliyetimiza miaka 18 lakini hajafikia miaka 35. Kwa hivyo, kwa muda wa miaka 17 ya maisha yake, Mkenya ni mtu mzima na ni kijana kwa wakati mmoja. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unauanza ujana katika miaka 15 na kuumalizia katika miaka 35, ilhali takwimu za Umoja wa Mataifa huuhesabu kutoka miaka 15 hadi 24.

Katika visiwa vya Lamu, ambako wenyeji wengi ni Waislamu, kuna kipimo kingine kilichotangulia hivi vyote. Sheria ya Kiislamu humhesabu mtu kuwa mukalafu, yaani mwenye kuwajibika kwa matendo yake mbele ya Mungu, tangu anapobaleghe. Juu ya kipimo hicho upo mwingine, nao ni wa desturi: ndoa, nyumba, watoto, na mahali pa kuketi barazani. Mvuvi wa Kizingitini mwenye miaka 34 ambaye hajaoa anaweza basi kuwa mtu mzima mbele ya hakimu, kijana mbele ya ofisi inayogawa mikopo, mukalafu mbele ya Mola wake, na mtoto mbele ya wazee wa mtaa wake.

Hata hivyo, kipimo kinachoyashughulisha makala haya ni cha tano, nacho ni kipimo cha moyo wenyewe. Mtu anaweza kuvipita vipimo vinne vya nje na bado moyoni akajiona kama mtoto aliyevaa kanzu ya babake. Hisia hii mara nyingi huchukuliwa kuwa ni ugonjwa wa kizazi cha leo, kinachosemwa kuwa kimedekezwa. Ushahidi wa fasihi ya Lamu unaonyesha kwamba jambo hili ni kongwe, na kwamba washairi wa kaskazini walilifikiria kwa undani kabla halijapewa jina katika vitabu vya saikolojia.

2.0 Ushahidi wa msamiati

2.1 Mtu mzima

Kiswahili hakina neno moja linalosimama peke yake kwa maana ya mtu aliyepita utoto na ujana. Kinatumia fungu la maneno, mtu mzima, na dhana yake ni utu uzima. Kivumishi -zima kina maana tatu zinazogusana: -enye uhai, -enye afya, na -siopungua au -siovunjika. Mtu mzima kwa hivyo ni mtu aliyetimia, asiye na kipande kilichokosekana. Hiki ni kipimo kikali kuliko umri. Miaka hujiongeza yenyewe, bali utimilifu haujiongezi.

Ukali huo unadhihirika katika matumizi ya kila siku. Watu wawili wanapokutana na mmoja akauliza, "U mzima?", jibu huwa "Mzima". Jibu hilo hutolewa hata na mgonjwa, hata na aliyefilisika. Ni adabu, wala hakuna anayedhani kuwa aliyejibu ameapa kwamba hana upungufu. Vivyo hivyo, jamii humwita mtu "mtu mzima" kwa adabu na kwa matarajio kabla ya kuthibitisha kwamba ametimia. Anapoyavunja matarajio hayo huitwa "mtu mzima ovyo", karipio ambalo haliwezi kuelekezwa kwa mtoto. Inabainika basi kwamba ndani ya lugha yenyewe pana nafasi kati ya kuitwa mzima na kuwa mzima, na katika nafasi hiyo ndimo hisia inayojadiliwa hapa inamoishi.

2.2 Mwana

Neno la pili ni mwana. Maana yake ya msingi ni mtoto kwa mzazi wake. Lakini katika Lamu, Pate na Siyu neno hilo hilo limekuwa lakabu ya heshima kwa mwanamke. Mtunzi mashuhuri anaitwa Mwana Kupona. Bintiye ni Mwana Hashima. Malkia aliyeitawala Pate katika karne ya 18 anajulikana kwa jina la Mwana Khadija. Mwanamke aliyekalia kiti cha enzi aliitwa kwa neno linalomtaja pia mtoto aliye mikononi mwa mamake.

Inawezekana kudai kwamba hizi ni maana mbili zilizokwisha kuachana, na kwamba msemaji wa Kiamu hafikirii utoto anapotamka lakabu hiyo. Dai hilo lina uzito. Hata hivyo, halielezi ni kwa nini mwana ndiye aliyechaguliwa kubeba heshima. Maelezo yaliyo karibu zaidi na maisha ya visiwani yamo katika usemi mwana wa watu, yaani mtu mwenye kwao, mwenye wazazi wanaojulikana na ukoo unaotajika. Kuitwa mwana ni kukiri kwamba mtu ana watu. Heshima haikutokana na udogo; ilitokana na kuwa wa mtu.

Mkondo huo huo unaonekana katika maneno ya ambatani. Mwenye kujifunza ni mwanafunzi, mwenye nchi ni mwananchi, na mtu aliyefika upeo wa elimu ya dini ni mwanachuoni, yaani mwana wa chuoni. Mzee mwenye ndevu nyeupe ambaye watu humbusu mkono hupewa cheo kinachomrudisha chuoni alikoanzia. Lugha haikuona kinaya katika jambo hilo.

2.3 Kijana

Neno la tatu ni kijana, ambalo wingi wake katika Kiamu ni zijana. Leo Kiswahili Sanifu kinalitumia kwa mtu aliyepita utoto na ambaye hajawa mzee, na sheria imelinyoosha hadi miaka 35. Katika tendi za kaskazini neno hilo huweza kumaanisha mtoto mdogo kabisa, hata yule ambaye hajaanza kusema. Msomaji wa leo asiyelijua hilo huyakosa mambo muhimu katika Utendi wa Mwana Kupona, kama itakavyoonekana katika sehemu ya nne.

3.0 Utu uzima na nyumba

Kabla ya kuingia katika tendi, inafaa kuyaangalia makazi yaliyozizaa. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni mji wa nyumba za mawe ya matumbawe zilizosongamana. Nyumba ya waungwana huanzia dakani, ambapo wageni wa kiume hupokewa, na kuelekea ndani kupitia msana hadi vyumba vya faragha vyenye zidaka ukutani. Baina ya nyumba za jamaa zilizotenganishwa na kichochoro hujengwa wikio, yaani chumba kinachopita juu ya njia na kuziunganisha.

Kwa desturi ya waungwana hao, binti alipoolewa hakuhama. Wazazi wake walimpa nyumba, au walimjengea orofa juu ya yao, na mume ndiye aliyehamia. Athari ya mpango huu kwa utu uzima ni kubwa. Mwanamke aliweza kuzaliwa, kuolewa, kuzaa na kuzeeka akiisikia sauti ya mamake kutoka chini. Hakukuwa na siku aliyovuka kizingiti na kusema, "Leo nimetoka utotoni." Mume naye, ambaye mbele ya watu ndiye kichwa cha nyumba, aliishi ndani ya kuta za ukweni. Alikuwa mkuu na mgeni kwa pamoja.

Ni bayana kwamba katika nyumba kama hii utu uzima hauwezi kufasiriwa kama kujitenga na wazazi na kujitegemea, fasiri inayotawala katika nchi za Magharibi na ambayo imeingia katika vitabu vya shule. Mtu wa Lamu aliyesubiri kujitenga ndipo ajione mzima angesubiri hadi kufa.

4.0 Utendi wa Mwana Kupona: wosia wa mtu asiyetimia

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate takriban mwaka 1810 na kufariki Lamu takriban mwaka 1860. Aliolewa na Sheikh Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar, ambaye alifariki mwaka 1856. Utendi wenyewe ulitungwa mwaka 1275 Hijria, yaani takriban mwaka 1858, mama akiwa mgonjwa wa siku nyingi na bintiye, Mwana Hashima, akiwa na umri wa miaka 17 hivi.

Darasani utendi huu hufundishwa kama orodha ya wajibu wa mke kwa mumewe. Ndivyo ulivyowasilishwa na wahariri Alice Werner na William Hichens katika toleo lao la mwaka 1934, ambalo hata anwani yake iliutaja wajibu wa mke. Ann Biersteker, katika makala aliyochapisha mwaka 1991, alipinga usomaji huo na kuonyesha kwamba maneno ya mtunzi yanabeba pia kejeli na mamlaka ya mwanamke anayeijua nguvu ya lugha yake. Makala haya yanaongeza usomaji wa tatu: kwamba utendi huu ni tafakuri juu ya kukua.

4.1 Msemaji

Nafsineni katika utendi ni mama. Anamwita binti asogee na wino na karatasi kwa sababu ana maneno ambayo hakuwahi kuyasema. Ugonjwa umemlaza mwaka mzima, na sasa anahofia kwamba muda umekwisha. Anaahidi kumpa hirizi na kumtungia kidani cha lulu na marijani, vitu ambavyo ni maneno yenyewe.

Jambo linalopaswa kuzingatiwa ni hali ya mtoaji wosia. Hazungumzi kama mtu aliyemaliza kazi yake. Anazungumza kama mtu aliyechelewa. Ana miaka ipatayo 48, ni mjane wa mtawala, lakini ameingia katika ulezi wa mwisho akiwa na hofu ya kuwa hakulea vya kutosha. Sehemu ya mwisho ya utendi inageuka kuwa dua. Mwanamke aliyekuwa akiagiza sasa anaomba: anamwomba Mungu amlindie watoto wake na jamaa zake, na amsamehe. Ndani ya utungo mmoja, mama anageuka mwana. Mabadiliko haya hayana mshono unaoonekana, na mtunzi hayaombei radhi. Kwake, anayelea na anayelilia kulelewa ni mtu yule yule.

4.2 Mume kama kijana

Katikati ya maagizo ya ndoa, binti anaambiwa amtunze mumewe mithili ya kijana, yaani mtoto mdogo asiyejua kusema. Msomaji anayeielewa kijana kwa maana ya leo huona hapa barobaro tu. Kwa maana ya kaskazini, picha ni nyingine kabisa: mume ni mtoto mchanga ambaye mahitaji yake hayasemwi bali hubashiriwa na mlezi.

Usomaji wa haraka utasema kwamba huu ni utumwa wa mwanamke. Usomaji wa kejeli utasema kwamba huu ni mzaha kwa wanaume. Yote mawili yana ushahidi. Lakini picha hiyo ina maana nyingine isiyohitaji kuchagua kati ya hayo mawili. Mshauri huyu hakuwa mjane wa mtu mnyonge. Mumewe alikuwa mtu aliyetuma watu vitani. Anayetoa ushauri huu amekaa chumba kimoja na mtu mkubwa wa mji na ameona kile ambacho baraza halikioni. Anamrithisha bintiye siri ya watu wazima: kwamba ndani ya kila mtu mzima yumo mtu ambaye hajajua kusema anachokihitaji, na kwamba ndoa ni kukutana na huyo wa ndani.

4.3 Msemezwa

Binti anaambiwa kwamba anahitaji radhi za watano: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Orodha hii haina tarehe ya kumalizika. Hakuna umri ambapo mtu anaondoka chini ya radhi za wazazi, hata wakiwa kaburini. Husemwa kwamba mtoto kwa mzaziwe hakui, na utendi huu umeifanya kauli hiyo kuwa sheria ya maisha.

Historia ya msemezwa mwenyewe inaipa sheria hiyo uzito usio wa kawaida. Mwana Hashima, anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 1841, alifariki Lamu mwaka 1933. Aliishi miaka ipatayo 92, karibu maradufu ya umri wa mamake wakati wa kutunga. Kwa miaka kama sabini na mitano baada ya wosia alikuwa hai, katika mji ambamo utendi ulinakiliwa na kusomwa, na katika kila nakala aliendelea kuwa binti wa miaka 17 anayeambiwa asogee karibu. Mamake aliwaalika wanawake wote wausome, kwa hivyo kila msomaji aliyekuja alikaa mahali pa Mwana Hashima na kuitwa binti. Bibi huyo alizeeka, msemezwa hakuzeeka. Hakuna mfano bora kuliko huu katika fasihi ya Kiswahili wa mtu ambaye umri wake na nafasi yake ya utoto vilitembea pamoja hadi mwisho.

Desturi hii ya wosia haikufa. Shaaban Robert (1909–1962) alimtungia bintiye Utenzi wa Hati. Mjini Lamu, Ustadh Mahmoud Mau, aliyezaliwa mwaka 1952 na aliyekuwa imamu wa Msikiti wa Pwani, alitunga Wasiya wa Mabanati katikati ya miaka ya 1970. Tungo zake zilikusanywa na Annachiara Raia na Clarissa Vierke katika kitabu kilichochapishwa mwaka 2023. Inafaa kukumbuka kwamba alipowausia mabinti alikuwa mtu wa miaka ishirini na kitu tu. Hakungoja kuzeeka ndipo azungumze kama mzee. Aliliona jambo lililohitaji kusemwa na akaichukua sauti ya mkubwa. Methali husema mkubwa ni jalala, yaani taka za wote hutupwa kwake. Methali hiyo haisemi kwamba jalala hujiona kubwa.

5.0 Al-Inkishafi: mtoto aliye ndani

Ikiwa Utendi wa Mwana Kupona unauonyesha utoto unaotokana na kuwa na mzazi, Al-Inkishafi unauonyesha utoto uliomo ndani ya mtu aliyebaki peke yake. Mtunzi wake, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliishi kati ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, wakati ambapo utajiri wa Pate ulikuwa umeporomoka. Umbo la utungo linajulikana: mshairi anauonya moyo wake kwa kuuonyesha magofu ya majumba ya Pate, ambamo taa zilizimika, zidaka zilizopangwa vyombo vya kaure zikawa viota vya ndege, na matajiri waliotembea kwa kiburi wakawa chini ya mchanga.

Kwa kawaida shairi hili hufundishwa chini ya mada ya upitaji wa dunia. Ni nadra kwa uhusiano wa wasemaji wake kuchunguzwa. Anayeonya ni mtu mzima kwa kila kipimo: ni sharifu, ni mwanachuoni, ameona mengi. Anayeonywa ni moyo wa mtu huyo huyo. Jinsi anavyousemesha ni jinsi mlezi anavyomsemesha mtoto mkaidi: anauliza, hapati jibu, anauliza tena kwa upole, anatoa mfano, anaonyesha kwa kidole, anakaripia, kisha anarudi kwenye upole. Elimu yote ya mshairi haijaufikia moyo wake. Kinywa kimekua, moyo haujakua.

Umuhimu wa jambo hili kwa mada iliyopo ni kwamba mshairi hakulificha. Angeweza kuwaonya watu wa Pate, akasimama juu yao kama mzee. Alichagua kujigawa nafsi mbili na kumfanya mwanafunzi awe yeye mwenyewe. Utu uzima katika Al-Inkishafi hauko katika kuumaliza utoto wa moyo, kwani shairi halisemi popote kwamba moyo uliitika na kunyooka moja kwa moja. Uko katika kuendelea kuulea. Mabaharia wa pwani husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kutoka shetri hadi gubeti, chombo ni kile kile, na maji yanayovuja hukusanyika ngamani. Baharia mzuri anajulikana kwa kuyateka maji hayo kila siku, si kwa kudai kwamba chombo chake hakivuji.

6.0 Utoto wa kubandikwa

Ingekuwa kosa kuishia hapo, kana kwamba kila aliyeitwa mtoto katika visiwa hivi aliheshimiwa. Jamii iliyotoa tendi hizi ilikuwa na watumwa. Mtumwa wa kike aliitwa kijakazi, neno lenye kiambishi cha udogo, na mtumwa wa kiume mtwana. Hawakuwa wana wa watu machoni pa mabwana zao, kwa kuwa utumwa ulikuwa umewakata na wazazi na ukoo. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, miongo minne na zaidi baada ya kifo cha Mwana Kupona. Utendi wake wenyewe unamwonya binti asichanganyike na watumwa isipokuwa kwa shughuli za kazi. Mtunzi aliyemwona mtoto ndani ya mume mtawala hakumtafuta mtu mzima ndani ya kijakazi aliyempelekea maji.

Ukoloni nao uliendeleza mkondo huo kwa neno boi, lililomwita mtoto wa kiume mwanamume aliyekuwa na mke na wajukuu. Tofauti kati ya boi na mwana haimo katika maana ya kamusi, maana yote mawili yanataja utoto. Imo katika swali: mtoto wa nani? Mwana ana wake anayewajibika kwake na atakayemrithi. Boi hana wake. Ana bwana tu.

Kigezo hiki kinasaidia pia katika kuhukumu nafasi ya mwanamke katika utendi. Binti anapoambiwa kwamba daima yu chini ya radhi za mamake, amewekwa ndani ya uhusiano ambao naye atakuwa mama ndani yake. Anapoambiwa kwamba hatima yake ya akhera inategemea radhi za mume, mamlaka juu ya maisha yake yanahamishwa kwa mwingine. La kwanza ni utoto wa kuwa wa mtu. La pili linakaribia utoto wa kubandikwa, na mhakiki ana haki ya kulipinga bila kulitupa la kwanza.

7.0 Vijana wa kungoja

Mtafiti Alcinda Honwana wa Msumbiji, katika kitabu chake cha mwaka 2012, aliichunguza hali ya vijana wa Msumbiji, Senegali, Afrika Kusini na Tunisia wanaongoja utu uzima kwa muda mrefu kwa sababu hawana kazi ya kuwawezesha kuoa na kujenga. Lamu haiko nje ya hali hii. Njia za zamani za kuingia utu uzima zilikuwa wazi: mvulana aliingia chomboni na babake au akakaa chini ya fundi wa jahazi Matondoni, akaijua kazi, akaoa. Njia hizo zimebanwa. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imekubali kwamba mradi huo uliathiri haki na riziki za wavuvi, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia. Fidia hulipa hasara. Haimfundishi kijana kazi ambayo babake angemfundisha.

Kwa hiyo, hisia ya kutokuwa mtu mzima inapotamkwa na kijana wa Faza au Shela leo, inabeba mambo mawili yanayohitaji majibu tofauti. Lipo la kawaida la binadamu, ambalo Mwana Kupona alikuwa nalo kitandani pake na Sayyid Abdallah mbele ya magofu. Hilo halina tiba wala halihitaji tiba. Na lipo la kunyimwa: kunyimwa bahari, ardhi, kazi, sauti. Kumwambia aliyenyimwa kwamba hata wazee hujiona watoto ni kumfariji kwa jambo lisilomhusu. Kumwambia mwenye hisia ya kawaida kwamba ni mvivu aliyekataa kukua ni kumdhulumu. Baraza la wazee linaloyachanganya haya humwita kila asiyeoa mtoto, na ofisi inayoyachanganya huwaita kijana watu wa miaka 34 na kuwaambia kwamba zamu yao haijafika.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili cha funguvisiwa la Lamu hakimtazami mtu mzima kama mtu aliyeuacha utoto nyuma. Msamiati wake unamheshimu mtu kwa kumwita mwana. Nyumba zake hazimtoi mtu kwa wazazi wake. Utendi wake mashuhuri unamwonyesha mama anayegeuka mwana mbele ya Mungu, na binti anayebaki binti hadi miaka 92. Na utungo wake wa magofu unamwonyesha mwanachuoni akiulea moyo wake. Katika mifano yote hii, utu uzima unaonekana kuwa ni kazi ambayo mtu huichukua kwa ajili ya mwingine, au kwa ajili ya nafsi yake, huku akijua kwamba mwenyewe hajatimia.

Hali kadhalika, imeonyeshwa kwamba jamii hiyo hiyo iliutumia utoto kama silaha dhidi ya watumwa, na kwamba hatari hiyo haijaisha kwa vijana na wanawake. Inapendekezwa kwamba wanafunzi na wahadhiri wanapozifundisha tendi hizi wasiishie katika maswali ya maudhui ya ndoa na dini pekee. Waulize ni nani anayeitwa mtoto katika utungo, ni nani anayemwita hivyo, na je, anayeitwa ana njia ya kuja kuwa mlezi naye? Nakala za tendi za Siyu, Pate na Faza zilizomo katika hifadhi za vyuo vikuu bado zina wosia nyingi ambazo hazijasomwa kwa jicho hili, na wasomaji wa Kiamu wanaoweza kuzifasiri wanazidi kuzeeka. Kazi hiyo haifai kuahirishwa hadi mtu ajione amekua vya kutosha kuifanya.